Bibi maendeleo mweusi wa Marekani na hesabu ya chupa

Mwisho wa Septemba 2025 Marekani walifunga programu inaitwa SNAP-Ed, huku kwetu wengi hata jina hatukuwahi kulisikia. Kazi yake ilikuwa kulipa watu waende kwa familia maskini wakafundishe lishe, mapishi, kupanga hela ya chakula, bustani ndogondogo, mambo hayo, na ilikuwa inatumia zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Ile sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ndo iliyoikata. Waliokata walisema kitu kifupi tu, kwamba miaka yote hiyo hawajaona mabadiliko ya maana kwenye lishe wala unene wa watu wanaopokea msaada wa chakula, alafu kazi yenyewe inafanywa pia na programu nyingine. Waliotetea nao wakaja na karatasi zao, watu wanakula mboga zaidi, soda imepungua, mazoezi yameongezeka. Na mjadala mpaka leo unaenda hivohivo, huyu anataja uzito wa mwili yule anataja idadi ya matunda.

Mi naona pande zote mbili zimemuelewa vibaya huyu mtu anayetumwa kuingia jikoni kwa maskini. Zote zinadhani kazi yake ni somo, kwa hiyo swali linabaki somo limeingia au halijaingia. Lakini Marekani hiyohiyo ina historia ya zaidi ya miaka 50 ya mabibi maendeleo weusi, yaani maafisa wanawake wa kufundisha familia mambo ya nyumba, waliofanya kazi vijijini kusini, kuanzia 1912 mpaka miaka ya 1960, na ukiisoma vizuri unaona kwamba somo lilikuwa ni sababu tu ya kupata kuingia ndani ya nyumba. Kazi yenyewe ilikuwa kupunguza mara ambazo familia inalazimika kwenda kumuomba mwenye shamba. Hicho ndo kilichobadilisha maisha pale kilipobadilisha, na hicho ndo hakikuwa na mstari kwenye fomu yoyote ya ripoti, wakati ule wala sasa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1906 chuo cha Tuskegee, Alabama, chuo cha weusi chini ya kiongozi wao maarufu Booker T. Washington, kilitoa gari la kukokotwa na wanyama lililojazwa vifaa vya kilimo likawa linazunguka vijijini kufundisha. Liliitwa Jesup Wagon kwa jina la tajiri aliyetoa hela, mpango wake ulichorwa na George Washington Carver, mwanasayansi wa chuo hicho, na mwaka huohuo Thomas Monroe Campbell akaajiriwa kuwa afisa ugani wa kwanza mweusi wa serikali. Wanawake walifuata 1912, Annie Peters Hunter kule Oklahoma na Mattie Holmes kule Virginia. Mwaka 1914 ikapitishwa sheria ya Smith-Lever iliyounda huduma ya ugani ya nchi nzima, hela ya serikali kuu inakutana na hela ya jimbo na ya kaunti. Sasa hapo ndo pa kuangalia. Kulikuwa na vyuo vya kilimo vya wazungu na vyuo vya weusi vilivyotokana na sheria ya 1890, na seneta mmoja wa jimbo la Washington, Wesley Jones, akisukumwa na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alijaribu kuweka kipengele cha kuhakikisha vyuo vya weusi vinapata fungu lao. Kikaangushwa. Majimbo yakaachiwa yaamue yenyewe chuo gani kipokee hela, na kusini yote jibu lilijulikana kabla ya kuuliza. Kwa hiyo toka siku ya kwanza bibi maendeleo mweusi alikuwa mwajiriwa wa ofisi iliyoongozwa na wazungu, analipwa pungufu, ana eneo kubwa kuliko mwenzake mzungu, na kaunti nyingi hazikuwa naye kabisa kwa sababu wakubwa wa kaunti hawakutaka kutoa sehemu yao ya mshahara.

Na alikuwa anaenda kwa nani? Sensa ya 1920 ilikuta mashamba zaidi ya 900,000 yanayoendeshwa na wakulima weusi, ila wenye ardhi yao walikuwa chini ya robo. Waliobaki walikuwa wapangaji au wale wanaolima kwa kugawana mavuno. Mfumo wenyewe ulikuwa hivi: mwenye shamba anakupa kibanda, nyumbu, mbegu, alafu chakula na nguo unachukua kwa mkopo kwenye duka lake au duka la rafiki yake, bei ya mkopo iko juu ya bei ya cash na riba iko juu ya hiyo bei, na mwisho wa mwaka pamba ikiuzwa anakaa na daftari analoandika yeye mwenyewe anakuambia umebaki unadaiwa. Kubishana na lile daftari kulikuwa na gharama, watu wamefukuzwa na watu wamekufa. Wenye mashamba wengi hawakupenda hata bustani ya mboga, pamba ilipandwa mpaka karibu na mlango, kwa sababu kila kipande cha mchicha, yaani mboga yoyote, ni kipande kisicho na pamba na pia ni kitu ambacho mteja hatakuja kununua dukani.

Matokeo yake yalionekana kwenye miili. Chakula cha familia hizo kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe ya chumvi na molasi, asubuhi mchana jioni. Ukila mahindi tu bila kitu kingine unapata ugonjwa unaitwa pelagra, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inapotea, mwisho unakufa, na kusini ya Marekani ilipoteza watu wanaokadiriwa kufika 100,000 kwa pelagra katika nusu ya kwanza ya karne ile. Wanawake na watu weusi walikufa zaidi. Daktari Joseph Goldberger alionyesha mwaka 1915 kwamba sababu ni chakula, sio vijidudu, na wanasiasa wa kusini wengi walikasirika kuliko kushukuru kwa sababu jibu lake lilikuwa linaelekeza kidole kwenye ule mfumo wa pamba na duka. Watu hawakula vibaya kwa kutojua mboga. Walikula kile ambacho duka la mkopo linatoa.

Sasa mrudishe bibi maendeleo kwenye picha hii. Anafika kijijini na presha kuka, anakusanya akina mama kanisani au shuleni, anawafundisha kuhifadhi nyanya, maharage, pichi na nyama kwenye chupa za kioo zisiharibike msimu wa baridi. Ukimwangalia toka mbali ni mwalimu wa mapishi. Lakini kila chupa iliyokaa kwenye rafu mwezi wa pili ni chakula ambacho hakikuandikwa kwenye lile daftari. Kuku na mayai ndo hivohivo, maana hela ya mayai na siagi ilikuwa mkononi mwa mama moja kwa moja, haikupitia mizani ya pamba, haikusubiri Desemba, na ndo hiyo ililipia viatu vya watoto na mara nyingi ndo ilichangwa kujenga shule, zile za mfuko wa Rosenwald ambazo zilifika karibu 5,000 na ambazo sharti lake lilikuwa wanakijiji weusi wenyewe wachange. Bibi maendeleo hakusema kwenye mkutano kwamba anapunguza nguvu ya mwenye shamba, angesema hivo asingemaliza wiki. Alisema anafundisha usafi na uhifadhi wa chakula. Mwenye shamba akasikia usafi, mama akaelewa deni limepungua, na wote wawili wakaridhika na mkutano uleule.

Kusindika ndo kulikuwa na jina ila wala hakukuwa mwisho wa kazi. Tuskegee ilipobadilisha lile gari likawa lori mwaka 1918, timu ilikuwa na afisa kilimo, bibi maendeleo, na kuanzia 1920 nesi Uva Hester akaongezeka. Walikuwa wanaweka kambi kwenye nyumba ya mtu mmoja, majirani wanaitwa, na somo linafanyika kwa kuitengeneza nyumba ileile: choo cha shimo kinachimbwa ili minyoo ya safura isizunguke uwanjani, madirisha yanawekewa wavu wa kuzuia mbu na nzi, ngazi inapigwa misumari, kuta zinapakwa chokaa, mama mjamzito anaangaliwa, wakunga wa kijiji wanaonyeshwa kuchemsha vifaa. Wakiondoka kuna nyumba imekuwa bora na majirani wameona kwa macho yao. Lori jipya la 1923 lilinunuliwa kwa michango, na wakulima weusi wa Alabama walikuwa miongoni mwa waliochanga, watu hao hao tunaoambiwa hawana hela na hawajui umuhimu wa elimu.

Alafu kuna ile habari ya magodoro ambayo mimi naiona inasema kuliko ripoti zote. Mwaka 1940 serikali ilikuwa na pamba imejaa maghalani bei imeanguka, ikaamua kuigawa kwa familia maskini wa vijijini zijitengenezee magodoro, pauni 50 za pamba kwa godoro moja pamoja na kitambaa chake, na mabibi maendeleo ndo walisimamia vituo vya kushonea, weusi kwa weusi na wazungu kwa wazungu. Maelfu ya familia hizo zilikuwa zimelima na kuchuma pamba toka babu wa babu na zilikuwa zinalala kwenye magunia ya majani na maganda ya mahindi. Pamba yote ile ilipita mikononi mwao na hakuna kilichobaki kitandani. Godoro lile lilifundisha nini? Hakuna somo. Hakuna mtu alikuwa hajui kwamba pamba ni laini. Ilihitajika mtu mwenye cheo cha serikali aje na ruhusa, basi.

Kuna ukosoaji dhidi ya hawa akina mama ambao ni mzito, tusiukwepe. Wanahistoria na wanaharakati wengi wanasema bibi maendeleo alikuwa sehemu ya siasa ya Booker T. Washington ya kuinama, kwamba alimfundisha mtu aliyenyang'anywa kura na ardhi namna ya kupaka chokaa kibanda ambacho sio chake. Alimpangia mama jikoni wakati shida iko mahakamani na kwenye daftari. Na wanaongeza kwamba aliowafikia zaidi ni wenye ardhi na wapangaji wenye nafuu, sio wale wa chini kabisa. Hili la mwisho ni kweli na ndo linauma. Familia ya kugawana mavuno ilikuwa inahama karibu kila Desemba, sasa utachimba choo cha nani? Utapanda mti wa matunda ale nani? Mwenye shamba akiona nyumba imekuwa nzuri anaweza kuamua anampa mtu mwingine. Pale mfumo ulipokuwa mkali zaidi ndo bibi maendeleo alikuwa na uwezo mdogo zaidi, na mara nyingi ilibidi kwanza apate ridhaa ya mwenye shamba ndo aingie. Mwenye kusema kwamba aliwakomboa wakulima weusi anatia chumvi.

Lakini ukosoaji huo unaishia njiani. Unachukulia kwamba kulikuwa na mlango mwingine wazi ambao yeye aliuacha makusudi akaenda kupika jamu. Kaunti nyingi za Mississippi au Alabama mwaka 1925 hakukuwa na ofisi yoyote ya serikali ambayo mama mweusi angeingia akatoka na kitu, polisi alikuwa wa mwenye shamba, hakimu wa mwenye shamba, benki ya mwenye shamba. Mtu mmoja mweusi aliyesoma, mwenye gari, mwenye barua yenye nembo ya wizara ya kilimo, anayelala kwenye nyumba za wanakijiji kwa sababu hoteli hazimpokei, anajua kila nyumba nani mgonjwa na nani anadaiwa, huyo alikuwa ndo serikali yote waliyonayo. Tena akina mama kwenye klabu alizowaundia walijifunza kuendesha kikao, kuchagua mwenyekiti, kutunza mfuko, kuandika kumbukumbu. Sisemi klabu za kusindika nyanya zilizaa harakati za haki za kiraia, hiyo itakuwa hadithi tamu kupita ushahidi, nasema tu kwamba watu hawakuanza kuitisha mikutano mwaka 1955, ulipoanza mgomo wa mabasi wa Montgomery. Mary Evelyn V. Hunter aliyeanza kazi Texas mwaka 1915 kutokea chuo cha Prairie View alikuwa anahimiza familia zinunue ardhi na zijenge nyumba zao, na kwa Texas ya wakati ule kumhimiza mtu mweusi amiliki shamba sio kuinama.

Hapa nimguse msomaji wa Kenya kidogo, maana jambo hili lina mkono wake huku kwetu. Sambamba na mabibi maendeleo kulikuwa na walimu wa Jeanes, wanawake weusi waliozunguka shule za vijijini kusini mwa Marekani kuanzia Virginia Randolph kule Virginia mwaka 1908, wakifundisha usafi na kazi za mikono na kuchangisha hela za majengo. Ile tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ambayo James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, alikuwemo, ilipendekeza mfano huo uletwe, na 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, walimu wakija na wake zao na wake wakifundishwa mambo ya nyumba. Kabete hiyohiyo ndo baadaye yalianzia mafunzo ya akina mama yaliyozaa Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, mwaka ule wa hali ya hatari, na serikali ya kikoloni ilizitumia zile klabu kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Kwa hiyo ukosoaji kwamba bibi maendeleo ni chombo cha mtawala sisi tunaujua kwa mifano ya nyumbani. Ila tofauti moja ilikuwa kubwa. Mtindo ulipovuka bahari ulikuja mtaala, ushonaji na uji wa mtoto na usafi wa uwanja, ule upande wa yule mwanamke ambaye naye ni mweusi, naye hawezi kupiga kura, analala kwako na anajua daftari la duka linavyosomeka, huo haukupakiwa kwenye meli.

Sasa njoo kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo nashangaa bado inatembea, kwamba mwaka 1965 mambo yalisawazishwa na hakuna kilichopotea. Inaelezwa hivi: sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi kwenye programu zinazopewa hela ya serikali kuu, ofisi za ugani za weusi na wazungu zikaunganishwa, toka hapo afisa yeyote anamhudumia yeyote, na kama weusi hawakwenda basi hawakuhitaji, watu walikuwa wanahama vijijini, mashine ya kuvuna pamba imeingia, kwisha. Kuhama ni kweli, mashine ni kweli, lakini kuhama kunaeleza kwa nini familia zilipungua, hakuelezi kwa nini afisa mweusi mwenye miaka 20 kazini aligeuka ghafla kuwa msaidizi wa kijana mzungu kwenye ofisi mpya. Tume ya haki za kiraia ya Marekani ilitoa ripoti yake kuhusu programu za kilimo mwaka huohuo 1965 na ikaonyesha ubaguzi huo mchana kweupe, ofisi mbili, vifaa tofauti, maafisa weusi wakiwekwa kuhudumia weusi tu. Muungano ulipokuja haukuwa ndoa ya wawili, mmoja alihamia kwa mwenzake akapewa kiti cha pembeni.

Kesi ya Bazemore ndo inanimalizia ubishi. North Carolina iliunganisha matawi yake mawili ya ugani tarehe 1 Agosti 1965, lakini mishahara ya maafisa weusi ikaendelea kuwa chini kwa miaka, kwa maelezo kwamba pengo lilianza kabla sheria haijawabana. Maafisa wakashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1986 mahakama ikasema kila mshahara unaotoka pungufu kwa sababu ya rangi ni kosa jipya, hata kama chanzo ni cha zamani. Ushindi mkubwa, na ndo uliokuja kutumika kwenye ubishi wa mishahara ya wanawake mpaka ikatungwa sheria ya Lilly Ledbetter mwaka 2009. Watu wanaishia hapo. Lakini kesi ileile ilikuwa na sehemu ya pili, ilihusu klabu za vijana za 4-H na klabu za akina mama, kwamba miaka mingi baada ya muungano bado zilikuwa za rangi moja moja, na hapo mahakama ikasema klabu ni hiari, serikali ikishafungua mlango na kuacha kubagua imemaliza wajibu wake. Yaani maafisa wakapata haki ya mshahara, akina mama kwenye klabu wakaambiwa mlango uko wazi. Mlango kuwa wazi na kuwa na mtu anayekufuata mpaka kwako ni mambo mawili tofauti kabisa, na kazi yote ya bibi maendeleo mweusi ilikuwa la pili. Wasiomwelewa ndo wanadhani alibadilishwa na mlango.

Kwa nini hawakumwelewa? Kwa sababu waliomwajiri walimuuliza chupa ngapi. Ripoti za mwaka za maafisa hawa zimejaa idadi, chupa za mboga, chupa za nyama, vifaranga, magodoro, vyoo, mikutano na waliohudhuria. Na wao walijaza kwa bidii kwa sababu idadi ndo iliyotetea mshahara mbele ya wakubwa wa kaunti, na pia kwa sababu idadi haisemi siri. Chupa 3,000 ni namba isiyomkasirisha mtu. Ukiandika kwamba familia tano zimeacha kukopa duka la bwana fulani umejifukuzisha kazi mwenyewe na pengine umewachomea nyumba. Kwa hiyo fomu iliwalinda, alafu baadaye ikawaua, maana ilipofika siku ya kuamua nani anabaki, kwenye karatasi alionekana ni mtu wa kusindika nyanya, na nyanya za kopo sasa zinauzwa kila duka, wa nini tena?

SNAP-Ed imekufa kifo hichohicho. Waliitetea kwa namba za matunda, wakashindwa kwa namba za uzito. Na siwaonei waliouliza matokeo, nusu bilioni ya dola kwa mwaka lazima uulizwe, na ni kweli kwamba darasa la mapishi halipunguzi unene wa mtaa ambao duka lililo karibu halina mboga mbichi, sawa na vile mhadhara wa lishe usingeponya pelagra bila bustani. Lakini swali la uzito lilikuwa swali la somo. Hakuna aliyeuliza wale wafanyakazi walikuwa wanajua nini kuhusu familia ambacho ofisi nyingine hazijui, na nani atajua sasa. Wanaosema simu itafanya kazi ile, video ziko, programu za bure zipo, wanarudia kosa la 1965 kwa vifaa vipya, wanadhani kilichokuwa kinapelekwa kule nyumbani ni taarifa. Huku kwetu ndo tunalipenda hilo sana, meseji za kilimo kwenye simu, afisa ugani mmoja kata nzima. Tanzania mwaka 2022 maafisa ugani walipogawiwa pikipiki kwa maelfu pale Dodoma nilifurahi kuliko habari yoyote ya programu ya simu, ila swali linabaki ile pikipiki inasimama kwa nani, kwa mkulima wa mfano mwenye eka 20 au kwa yule mama anayelima shamba la kukodi ambaye mwakani hayupo. Marekani wanatuonyesha kwamba bila kuulizwa itasimama kwa wa kwanza, hata kama dereva ana moyo mzuri.

Kuna jingine ambalo limepita kimya kidogo. Septemba 2023 mawaziri wa kilimo na elimu wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya weusi vya 1890 vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30 hivi, Tennessee State peke yake ikidai zaidi ya bilioni 2. Watu walilisoma kama suala la maabara na mabweni. Ni kweli, ila vyuo hivyo ndo vilikuwa nyumba ya huduma ya ugani kwa weusi, na kilichopunjwa ni pamoja na watu wa kwenda vijijini. Wakulima weusi kwa sensa ya 2022 ni chini ya 50,000 nchi nzima. Kuna sababu nyingi na ubaguzi wa mikopo ndo mkubwa, kesi ya Pigford, ambayo wakulima weusi waliishtaki wizara ya kilimo kwa hilo, iliisha 1999 kwa makubaliano ya kuwalipa, lakini mtu anayenyimwa mkopo na asiye na mtu wa ofisini anayemjua kwa jina anapoteza shamba haraka kuliko yule anayenyimwa lakini ana wa kumtuma.

Bado ipo programu moja ya ukoo huu haijaguswa, EFNEP, iliyojaribiwa Alabama kuanzia 1964 na kusambaa nchi nzima 1969. Wazo lake ni kuajiri akina mama wa mtaa uleule wawafundishe majirani zao, jambo ambalo mabibi maendeleo weusi walishakuwa wanalifanya kupitia viongozi wa klabu vizazi viwili kabla, ingawa vyuo vya weusi vyenyewe viliingizwa kwenye fungu hilo karne hii tu. Inapimwa kwa kumuuliza mshiriki amekula nini jana, mwanzoni mwa mafunzo na mwishoni. Hakuna swali kuhusu anadaiwa wapi, nyumba ni ya nani, mara ya mwisho mtu wa ofisi yoyote kuja kukaa naye ilikuwa lini. Bajeti ijayo wakianza kuitazama, na waliokata SNAP-Ed walishasema kwamba kazi hizi zinarudiwa, wataikuta na fomu hiyohiyo mkononi.